Treni Niliyoipeleka Kijijini Kwetu

Harufu ya karatasi ya kaki, ile ya kufunikia madaftari, bado inanipandisha hasira. Juzi binti yangu alirudi na madaftari sita mapya, akatandaza makasi, gundi na karatasi juu ya meza ya kulia, akaniomba nimsaidie. La kwanza nilifunika vizuri. La pili lilikuwa la jiografia, na nilipolikunja ile harufu ikapanda, kavu, ya vumbi na gundi, nikajikuta nimemfokea mtoto kwa kosa ambalo halipo. "Mama, nimefanya nini?" akauliza. Hakuwa amefanya kitu. Nilikwenda jikoni nikafungua bomba na kuacha maji yamwagike bure, mimi ambaye kila siku nagombana na watu kwa sababu ya maji.

Basi nitasema. Wenzangu mliokulia Durban miaka ile, bendera ikiwa bado mpya na kila mtu akituambia tumefika nchi ya amani, mtanielewa upesi: sisi watoto ndio tuliokuwa midomo ya wazazi wetu. Wao walikuja na Kiswahili, Kifaransa na lugha ya nyumbani, Kiingereza kikawagomea. Sisi, miezi sita tu darasani, tulikuwa tayari. Tulikwenda nao kliniki tukawaeleza manesi maumivu ya matumbo ya mama zetu, mambo ambayo mtoto hapaswi hata kuyasikia. Tulisimama kati ya baba zetu na wenye nyumba. Mtu mzima mwenye ndevu zake anamtazama mtoto mdomoni, anangoja aambiwe kama atalala ndani au nje. Na watu wakatusifu! "Huyu mutoto iko na akili!" Nikizikumbuka sifa zile leo natamani kutukana.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa chumba kimoja kwenye jengo la ghorofa karibu na bandari, familia mbili, pazia katikati. Papa alilinda magari ya watu kandokando ya ufukwe, amevaa fulana ya rangi ya chungwa iliyomfika magotini. Mama alisuka nywele sokoni Warwick, kwenye kelele za taxi na moshi wa mahindi ya kuchoma, akirudi nyumbani vidole vimekakamaa. Dada yangu Mapendo, aliyenizidi miaka mitano, hakuwa nasi. Tulipotoka upande wa Fizi tukavuka ziwa, bibi miguu ilimshinda, na ikaamuliwa Mapendo abaki naye kambini, upande wa Kigoma, mpaka Papa apate makaratasi huku. Mwaka uliofuata bibi alifariki. Mapendo akabaki na majirani, msichana wa miaka kumi na minne, kambi imejaa wanaume wasio na kazi.

Kwa hiyo nyumbani kwetu palikuwa na neno moja tu: karatasi. Si ile ya muda, ya kugongewa muhuri kila baada ya miezi michache, yenye makunyanzi kama noti ya sokoni. Ile ya kweli, inayosema wewe ni mkimbizi na umekubaliwa. Papa akiipata, angeweza kuomba binti yake aletwe. Kwenye godoro nililala upande wa ukutani, na upande wa pili uliachwa wazi. Nikijiviringisha usingizini nikavuka, mama ananisukuma na kusema, "Rudi, hapa ni pa Mapendo." Nilimpenda dada yangu, lakini kuna siku nilimchukia kwa ajili ya ile nusu ya godoro.

Shuleni nilikuwa si kitu. Waliniita kwerekwere, jina ambalo hapa wanampa mgeni mweusi, na nikifungua mdomo darasa zima linacheka jinsi ninavyotamka "robot", jina lao la taa za barabarani. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa Durban, babu yake aliletwa kukata miwa. Alivaa miwani yenye mnyororo na alinukia iliki. Kitabu chetu kilikuwa cha zamani, na kilikuwa na sura moja juu ya kijiji kimoja cha huko India. Jina la kijiji hicho sitaliandika, limeshatugharimu vya kutosha. Mwalimu hakuwahi kufika huko, ila alikipenda kama vile ameacha sufuria jikoni huko. Alitunakilisha kila kitu, kisha akatukaririsha tumesimama, akipiga meza kwa rula.

"Watu?"

"Elfu moja mia nne na kumi na mbili!"

"Kituo cha reli?"

"Kilomita kumi na moja!"

"Basi?"

"Mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri!"

Siku ya mtihani nilipata zote. Zote! Mwalimu akabandika nyota ya dhahabu kwenye daftari langu, juu ya ile karatasi ya kaki, akaliinua ili darasa lione. Hakuna aliyecheka. Nilitembea mpaka nyumbani nimelikumbatia kifuani.

Sasa sikilizeni upumbavu wa mtoto. Mimi sikujua kwamba kile kilikuwa kijiji kimoja tu kati ya vijiji vya dunia. Nilidhani hilo ndilo jibu la kijiji. Saba mara nane ni hamsini na sita, ukiwa Durban, ukiwa Fizi, na mtu akikuuliza kijiji kina watu wangapi na kinafikikaje, jibu ni lile. Mwalimu hakuwa na kosa, alifundisha kilichokuwa kitabuni. Lakini hakuna hata mtu mzima mmoja aliyewahi kuniuliza kijiji chetu sisi kilikuwaje, na mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kukisahau.

Siku ya Papa kuhojiwa tulipanga mstari tangu asubuhi. Mama hakuja, alikuwa na kichwa cha mteja alichokiacha nusu. Tulipoitwa ndani tulimkuta kijana mmoja nyuma ya meza, tai imelegea, feni inapeperusha makaratasi yake, na kila mara anayashika kwa kiwiko. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mbaya ningemchukia nikamaliza. Akauliza kwa Kiingereza kama Papa ana mtu wa kumtafsiria, maana mtafsiri wao wa Kiswahili hakufika siku hiyo, na tusipokuwa naye turudi baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu, na Mapendo yuko kule! Nilipomweleza Papa, akanishika mabega akanisukuma mbele kwa fahari. "Huyu," akasema. Yule kijana akanitazama, akatazama saa yake, akasema sawa.

Miguu yangu haikugusa sakafu. Kwanza kijana alisoma onyo, na mimi nikalitafsiri kwa sauti ya darasani: atakayesema uongo mbele ya serikali anaweza kufungwa. Papa akaitikia kwa kichwa. Jina, sawa. Mwaka wa kuzaliwa, sawa. Kazi, fundi wa baiskeli, sawa. Halafu akageuza ukurasa, akaanza maswali ya kijiji. Yalikuwa ya kuwapima watu, nilikuja kuelewa ukubwani, wajue kama kweli unatoka unakosema.

"Kijiji chake kina watu wangapi?"

Nikamuuliza Papa. Akajikuna shingo.

"Umwambie, sisi kule kwetu hatuhesabuke batu," akasema. "Mutu si mbuzi."

Na kweli kwetu ndivyo. Mama mwenye watoto ukimuuliza ana wangapi, atakuambia, "Wako." Ukimbana sana atakutajia mmoja mmoja kwa jina, lakini namba haitamtoka mdomoni, kwa sababu kumhesabu mtu ni kumtaka mabaya, ni kumwonyesha kidole kwa yale yanayochukua watu. Papa aliwajua wote. Akaanza kumtajia yule kijana, polepole, kuanzia nyumba ya kwanza pale mtoni: baba fulani, mkewe, watoto wao, yule kiziwi, yule aliyerudi kutoka Uvira na mimba. Alikuwa amefika nyumba ya nne aliposimama. Akaniinamia, akaongea chini, kana kwamba kijana yule angeweza kumwelewa.

"Umwambie tena hivi. Mara ya mwisho kuhesabiwa, ni basoda ndio walituhesabu. Walikuja na bunduki, wakatupanga mbele ya kanisa, wakahesabu mpaka mwisho, wakaandika. Kesho yake wakarudi na ile karatasi. Ndiyo sababu tuko hapa."

Mungu wangu! Jibu lilikuwa pale. Sababu yote ya sisi kukimbia, maneno ambayo yangetosha kumpa karatasi siku ileile, aliyaweka mkononi mwangu.

"Anasema nini?" kijana akauliza. "Namba tu, mdogo wangu. Namba tu."

Nilitazama ile fomu. Mahali pa kujaza palikuwa kisanduku, upana wake kama kidole changu gumba. Nikaona maneno ya Papa hayataenea mle. Nyumba, mto, kiziwi, kanisa, vyote hivyo vitaingia wapi? Na namba mimi nilikuwa nayo.

"Elfu moja mia nne na kumi na mbili," nikasema.

Kijana akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Akaandika. "Unajua kazi yako," akaniambia. Jamani, nilijisikia mkubwa.

Swali lililofuata, mtu anafikaje huko. Papa akajinyoosha kitini, maana hili alilipenda. Akaeleza kwamba unashuka boti pale Baraka, unalala kwa mtu yeyote wa kanisani, asubuhi unaanza kutembea. Ukiwa na baiskeli unaisukuma zaidi kuliko kuipanda. Unapita kwa yule mama wa mikate, hapo unakunywa maji, mto wa kwanza unavuka kwa miguu, wa pili unangoja upungue. Siku ya pili jua likiegemea, watoto wanakuona kwa mbali wanaanza kupiga kelele.

Nilimsikiliza na uso ukaniwaka. Niseme ukweli wangu wote hapa: niliona haya. Kijiji cha mwalimu kilikuwa na basi mara mbili kwa siku. Chetu kilikuwa na miguu, matope na mama wa mikate. Nilimwona yule kijana na tai yake, nikasikia darasa zima likicheka.

"Kuna kituo cha reli," nikasema. "Kilomita kumi na moja. Na basi, asubuhi na alasiri."

Kijana akainua kichwa. "Treni inafika huko?"

"Ndiyo."

Lile neno basi Papa alilikamata, maana kwa Kifaransa nako wanasema karibu vilevile. Akanitazama. "Umesema iko basi?"

"Nimemwambia hakuna basi, Papa."

Hapo sasa hapakuwa na mtoto asiyeelewa. Ule ulikuwa uongo na nilijua ni uongo, nikausema nikimtazama usoni, naye akanishika kichwa akasema, "Aksanti, mama yangu."

Barua ilikuja baada ya majuma mengi. Mama alikuwa kwenye ukingo wa godoro, Papa amesimama mlangoni, mimi katikati na ile karatasi. Mstari wa kwanza ulisema ombi limekataliwa. Niliwaambia. Mama akauliza, "Juu ya nini? Soma, juu ya nini?" Nikasoma kimya, na nikaikuta reli yangu. Waliandika kwamba mwombaji ameeleza kituo cha treni na mabasi ya kila siku, katika eneo ambalo halina reli wala basi. Kwamba idadi ya watu aliyoitaja kwa uhakika haina msingi. Kwamba kwa hiyo hatoki anakosema anatoka.

"Soma na sisi tusikie," Papa akasema.

Nikasoma.

"Treni? Treni gani?" Mama alimgeukia Papa. "Kule kwetu wewe umeona treni wapi?"

Papa alikuwa ananitazama mimi. Nilijaribu kueleza habari za mwalimu, za mtihani, za nyota, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoona uso wa mama ukibadilika. Ndala ilinipata kabla sijamaliza. "Mutoto ametuua! Yesu wangu, huyu mutoto ametuua! Mapendo, mwanangu, Mapendo!" Alinipiga mpaka jirani akafungua pazia. Papa akamshika mkono, akasema, "Acha." Kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Na ile ya basoda? Ile uliwaambia?"

"Hapana, Papa."

Akavaa fulana yake ya chungwa, saa nane mchana, akaenda kazini.

Tulikuwa na nafasi ya kukata rufaa, mara moja. Mama alilipanga jambo zima kama msuko, mstari kwa mstari. Safari hii wangeomba mtafsiri mtu mzima. Papa angesema wazi kwamba aliyetafsiri mara ya kwanza alikuwa mtoto, kwamba mtoto alitoa maneno ya shuleni, na angesema ile habari ya kanisa na kuhesabiwa. Basi, kwisha. "Unasikia, Papa Mapendo? Utasema ni mutoto alikosea." Kila jioni alimrudishia hilo, na kila jioni Papa alimjibu, "Nasikia."

Hakusema. Aliwaeleza habari ya basoda, ndiyo, neno kwa neno. Lakini walipomuuliza mbona mara ya kwanza alitaja treni, alisema ni yeye. Wakasema mtu anayebadilisha maneno haaminiki, wakamkatalia, na ikawa ndiyo mwisho. Mama alipopata kujua alimpigia kelele kwenye ngazi za jengo lile la serikali, watu wakapita wakitutazama. Papa akamjibu kwa utulivu ule uliokuwa unamchoma mama kuliko matusi: "Nimtaje mutoto wangu kwa serikali kuwa ni muongo? Waliandike jina lake?"

Nina hasira naye mpaka leo, na amekwisha kufa. Nani alimtuma? Nani alimwomba anibebe? Mimi nilikuwa na miaka kumi wakati huo, wangenifanya nini mtoto wa miaka kumi, wangenifunga? Alichagua binti mmoja akamwacha mwingine, na hakuniuliza kama naweza kuishi na jambo hilo. Mapendo hakuja. Aliozwa kambini kabla hajafikisha kumi na saba, kwa mtu aliyemzidi miaka ishirini, kwa sababu msichana wa peke yake asingekaa salama. Tunaongea kwenye simu, anacheka kwa sauti ya bibi, anauliza habari za wanangu. Hajawahi kuniuliza kwa nini hakuitwa. Papa alilinda magari akiwa na karatasi ileile ya kugongewa muhuri mpaka kifua kikamshinda.

Watu wetu hapa wanamsimulia vizuri. Kila msiba, kila ubatizo, kuna mzee atakayesimama aseme yule baba alimkinga mwanawe, na mimi nainamisha kichwa wakidhani nalia kwa shukrani. Yanayofuata sijamwambia mtu, wala mama, ambaye bado ananilaumu kwa treni na hajui kuna zaidi.

Siku ile ya rufaa tulikaa mimi na mama kwenye benchi la nje, ukumbini. Mama akaenda chooni. Mlango ukafunguka, akatoka yule mtafsiri, Mtanzania mmoja wa makamo aliyewahi kufanya kazi melini, akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakalingana. Alisema kwa Kiswahili chake safi, bila haraka, ili nisipotee.

"Binti, baba yako anasema yeye ndiye aliyetaja treni. Mimi nimemsikiliza saa nzima, na huyu si mtu wa kutaja treni. Nilimwambia mwenyekiti kwamba nje kuna mtoto aliyetafsiri siku ile. Amekubali akusikilize, dakika moja tu, kabla hawajafunga faili. Hakuna atakayekugusa, nimemuuliza. Kuna kitu unataka kusema?"

Mlango alikuwa ameuacha wazi. Nilimwona Papa kwa nyuma, shati lake la kanisani limeshikana na mgongo kwa jasho. Hakugeuka. Mwanamke aliyekuwa mwenyekiti aliinama kidogo ili anione vizuri, akanitabasamia, akaniuliza swali lilelile kwa Kiingereza, kwa upole, kama mtu aliyekuwa anataka nijibu.

Nikamwambia hapana, asante, sina la kusema. Nilimwambia kwa Kiingereza, na sikukosea hata neno moja.